Haishiki kutu, lakini hupasuka

Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, gari hulia tik-tik-tik kama cherehani ya fundi wa barazani. Dakika chache baadaye sauti inapotea, mwenye gari anashusha pumzi na kuondoka zake. Kesho yake inarudi. Wengi hudhani ni valvu. Huitwa fundi wa injini, akafungua kifuniko, akapima, akarekebisha, akafunga, akalipwa, na ile cherehani ikaendelea kushona.

Fundi aliyeiva huanzia kwingine. Hupiga magoti na tochi mkononi, akafuata bomba la ekzosi tangu pale linapoungana na injini, akitafuta masizi. Moshi unaopenya kwenye ufa huacha alama ya kijivu au nyeusi, mfano wa ule mkia unaobaki ukutani juu ya koroboi. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele. Injini ikishika moto chuma hutanuka, ufa hujibana, sauti hufa. Ndiyo maana ekzosi huchunguzwa gari likiwa limelala usiku kucha: injini inawashwa, mmoja anaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, mwingine anapulizia maji ya sabuni kwenye viungo. Povu likichemka mahali, ufa uko hapo.

Linalowauma wenye magari ya zamani ni kwamba mara nyingi ufa huo umetokea kwenye stenlesi. Walitoa fedha nyingi kuinunua wakiambiwa ni ya maisha, haiozi, haishiki kutu. Na kweli haijaoza. Imepasuka tu.

Mfano mzuri wa balaa hili ni Porsche 911 za zamani, zile ambazo injini yake hupozwa kwa hewa badala ya maji. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901, hadi Peugeot walipopinga kwa kuwa majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati yalikuwa yao. Afrika Mashariki, ambako 404 na 504 zilikuwa magari ya kila barabara, hilo halihitaji maelezo marefu. Porsche wakabadilisha sifuri kuwa moja. Injini za hewa ziliendelea kufungwa kwenye 911 hadi mwaka 1998. Katika mbio za magari za Safari Rally gari hilo lilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978 bila kuwahi kushinda. Yule aliyekuwa wa pili mwaka 1974, Björn Waldegård wa Sweden, alirudi miaka 37 baadaye na 911 akashinda Safari Classic ya 2011, mashindano ya magari ya zamani.

Sasa, gari lisilo na maji kwenye injini linawapashaje joto waliomo ndani? Hapo ndipo ekzosi inapoingia. Chini ya kila upande wa injini kuna kasha la bati. Ndani ya kasha mna mabomba matatu yanayobeba moshi kutoka silinda tatu. Feni ya injini husukuma hewa safi ndani ya kasha, hewa hiyo hupita juu ya mabomba ya moto, hupata joto, kisha huelekezwa miguuni mwa dereva. Moshi na hewa ya kuvuta vinapishana, vimetenganishwa na ukuta wa chuma usiofika milimita 2. Ni ubunifu wa werevu mkubwa, ilimradi ukuta huo uwe mzima.

Kuanzia magari ya 1975 umbo la makasha hayo lilibadilishwa, na wapenzi wengi wa 911 wakaona injini imebanwa pumzi. Hadi leo wapo wanaong'oa ya kiwandani na kufunga yenye umbo la zamani, yaliyotengenezwa upya kwa stenlesi. Jozi moja bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola, kwa hiyo likipasuka moja hakuna anayelitupa kwa furaha. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kusema hita ya nini, akafunga mabomba matupu bila kasha, na kwa jua la pwani si kosa. Wa Limuru au Eldoret ana sababu ya kufikiri tofauti.

Ili kuelewa kwa nini chuma hiki kinapasuka, heri kuanzia jikoni. Kigeuze kijiko cha stenlesi uangalie mgongo wa mpini. Mara nyingi utakuta muhuri wa 18/8 au 18/10. Namba ya kwanza ni asilimia ya kromi, ya pili ni asilimia ya nikeli. Aina ya 304, ambayo mafundi wengi hutengenezea mabomba ya ekzosi za magari ya zamani, ni ndugu wa damu wa kijiko hicho. Kromi ndiyo inayofanya kazi ya kuzuia kutu: ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ukikwaruzwa hujiziba wenyewe. Mwingereza Harry Brearley aliligundua jambo hili kule Sheffield mwaka 1913, alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Chuma chake kilikuwa na kromi asilimia 12.8. Bunduki hazikufaidika sana. Visu vya mezani vilifaidika.

Kijiko, hata hivyo, hakichemshwi hadi kiwe chekundu, kikapozwa na dimbwi la maji barabarani, kikarudiwa hivyo maelfu ya mara. Karibu na injini, ekzosi hupata joto la nyuzi mamia kadhaa za Selsiasi, na kwenye mwendo wa kasi hung'aa wekundu hafifu gizani. Bomba la 304 lenye urefu wa mita 1 likipanda joto kwa nyuzi 500 hurefuka kwa karibu milimita 9. La chuma cha kawaida hurefuka kwa karibu milimita 7. Hizo milimita 2 za ziada ni nyingi mno kwa bomba lililofungwa bolti kila upande. Zaidi ya hayo, stenlesi hupitisha joto vibaya, kiasi cha theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo sehemu moja huungua huku jirani yake ikiwa bado na ubaridi. Upande mmoja unavuta, wa pili unakataa. Chuma huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa vidoleni.

Kuna pia jambo la tatu, la ndani zaidi. Kati ya nyuzi 425 na 850 hivi, kaboni iliyomo ndani ya chuma huvutana na kromi, zikaungana na kujikusanya kwenye mipaka ya chembe za chuma. Kando ya mipaka hiyo hubaki chuma kilichoibiwa kromi yake, na hapo ndipo kutu na ufa hupata njia. Watengenezaji wana dawa mbili. Moja ni kupunguza kaboni hadi isizidi asilimia 0.03, na chuma hicho huandikwa herufi L baada ya namba. Ya pili ni kuchanganya titani, ambayo huikamata kaboni kabla haijaifikia kromi. Hiyo ndiyo aina ya 321, na kwa mabomba ya karibu na injini inafaa kuliko 304.

Kwa wanaoishi pwani, chumvi nayo ina lake. Stenlesi ya jamii ya 304 ikiwa inavutwa, ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 60 hivi, kisha ikapata chumvi ya bahari, huweza kuota nyufa zinazotawanyika kama mizizi. Ufa wa namna hiyo haupaswi kuungwa. Ukiziba mmoja, mwingine upo sentimita moja mbele yake, na kipande chote hukatwa na kuwekwa kipya.

Lakini tukubaliane: mara nyingi mkosaji si kemia. Ni bati la kushikilia lililolegea, au raba iliyokatika. Kwenye 911 sailensa nzito hushikiliwa nyuma ya injini kwa mabati na mikanda yake. Mkanda mmoja ukikatika, uzito wote unaning'inia kwenye flenji za makasha, na kila shimo la barabara ya changarawe ni pigo la nyundo. Kwenye Peugeot 504 iliyofungwa ekzosi ya stenlesi ya kutengeneza gereji, hali ni ileile kwa sura nyingine: maunting za injini zimekufa, injini inayumba, bomba limekazwa kwenye bodi bila kipande cha kunyumbulika, na ufa unatokea nyuma tu ya flenji ya kwanza. Fundi anayechomelea bila kuuliza nini kinalitikisa bomba atakutana na gari lilelile tena, na safari hiyo ufa utakuwa pembeni ya mshono wake.

Kazi yenyewe huanza kwa subira ya kufungua. Nati za ekzosi zilizokaa miaka 40 zimeshikana na stadi zake kama ndugu wa tumbo moja, na kwenye 911 stadi hizo zimeingia kwenye kichwa cha silinda cha aloi ya alumini. Kukata stadi moja kunaweza kugeuza kazi ya siku moja kuwa ya wiki. Mafundi waangalifu hupaka mafuta ya kupenya jioni, wakapaka tena asubuhi, kisha wakapasha nati kwa moto wa gesi na kuigeuza kidogo mbele, kidogo nyuma, bila papara. Spana ndefu na ubabe havina nafasi hapa.

Kipande kikishashuka, huoshwa mpaka ndani. Hapo kuna mtego ambao umewadhuru watu: baadhi ya dawa za kopo za kusafishia breki zina klorini, na zikikutana na mwanga wa kuchomelea hutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika vitani mwaka 1915. Asetoni inatosha, nayo iachwe ikauke kabisa. Brashi ya waya iwe ya stenlesi, na isiwe imewahi kusugua chuma cha kawaida, kwa sababu vumbi la chuma hicho likijipachika kwenye stenlesi litashika kutu na mwenye gari atadhani ameuziwa bandia.

Kisha unatafutwa mwisho wa ufa. Jicho halitoshi. Hupuliziwa wino mwekundu unaopenya, ukafutwa, halafu hupuliziwa unga mweupe. Wino uliojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari mwekundu juu ya weupe, na karibu kila mara mstari huo ni mrefu kuliko alivyodhani mtu. Kwenye ncha zake mbili hutobolewa matundu madogo, milimita 2 hadi 3. Tundu la mviringo huua ile ncha kali ambayo ufa huitumia kusonga mbele. Baada ya hapo ufa hufunguliwa kwa grainda nyembamba uwe kama mfereji wa herufi V.

Tufike kwenye moto. Njia inayofaa mabomba membamba ni tigi: sindano ya tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 3,400, hutoa cheche ya umeme isiyokatika, huku gesi ya agoni ikimwagika kuizunguka ili hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Njia hii ilibuniwa mwaka 1941 na Russell Meredith katika kampuni ya ndege ya Northrop, Marekani, kwa ajili ya kuunga magnesi. Yeye alitumia heliamu. Kwa bomba la unene wa milimita 1.5, ampea 40 hadi 60 hutosha. Waya wa kujazia kwa chuma cha 304 ni 308L, kwa 321 ni 347, na pale stenlesi inapoungana na chuma cha kawaida, kama flenji ya zamani, hutumika 309L.

Ila siri ya kazi haiko upande anaouona fundi. Iko mgongoni. Agoni inayotoka kwenye bunduki ya kuchomelea inalinda uso wa mshono tu. Ndani ya bomba hewa ipo, na stenlesi iliyoyeyuka ikikutana na hewa hiyo huvimba chembechembe nyeusi, mfano wa sukari guru iliyoungulia sufuriani. Mafundi wa Kiingereza huziita hivyohivyo, sukari. Mshono wenye sukari mgongoni unaweza kung'aa kwa nje ukapigiwa makofi, na bado ni mbovu: umejaa vinyweleo, umekonda, na ufa wa pili utaanzia hapo. Dawa yake ni kuziba ncha zote za bomba kwa karatasi ya alumini, kuingiza mpira wa agoni ya pili upande wa chini, na kuacha tundu dogo juu. Agoni ni nzito kuliko hewa. Hujaa kutoka chini kama maji mtungini na kuisukuma hewa itokee juu. Lita 5 hadi 10 kwa dakika zinatosha, na fundi husubiri kidogo kabla ya kuwasha. Asiye na mtungi wa pili anaweza kupaka mgongoni unga maalumu wa kuzuia hewa, mradi ndani panafikika.

Ukimtazama anayeijua kazi, hachomelei ufa wote kwa mkupuo. Kwanza flenji imefungwa bolti kwenye bamba nene la chuma ili isijikunje. Anapiga vishikizo kadhaa, anashona sentimita 2, anaacha, anahamia mbali, anarudi. Dimbwi la chuma mbele ya sindano ni dogo kama punje ya dengu, linameta kama zebaki. Ncha ya waya inaligusa na kutoka, inaligusa na kutoka, na nyuma yake hubaki magamba madogo yaliyopangana. Akimaliza haondoi bunduki haraka. Anaiacha gesi itiririke sekunde kadhaa mpaka wekundu upotee. Rangi ya mshono itamsema: ya majani makavu au dhahabu ni nzuri, buluu inavumilika, kijivu na weusi maana yake joto lilizidi au gesi ilipungua.

Bomba likiwa limekonda kandokando ya ufa, huwekwa kiraka. Kiraka chema hakina kona; hukatwa kwa umbo la yai au jani, kwa sababu kona kali hukusanya mvuto wote mahali pamoja. Na kiwe cha stenlesi ya jamii ileile. Sumaku ya mlango wa friji husaidia kuchagua: 304 na 321 haziishiki, au huishika kidogo sana pale bomba lilipokunjwa, ilhali aina ya 409, ambayo imetumika sana kwenye ekzosi za kiwandani na ina kromi karibu asilimia 11 bila nikeli, huishika kama chuma cha kawaida. Bomba la maji lenye rangi ya zinki lisikaribie kabisa. Moshi wa zinki huleta homa ya usiku kwa mchomeleaji, na zinki iliyoyeyuka hupenya kwenye stenlesi na kuipasua upya.

Je, yule fundi wa mtaani mwenye mashine ya rodi? "Bosi, hii napiga rodi moja tu, inaisha." Anaweza kuziba tundu, na safarini msaada wake ni mkubwa. Rodi za stenlesi zinapatikana, na kwa flenji nene au mkono wa kushikilia sailensa zinafaa kabisa. Ila kwenye bomba la milimita 1.5 rodi hutoboa upesi, na mgongo wake hauna ulinzi wowote. Rodi za mageti ndizo mbaya zaidi: mshono wake unakuwa mgumu, unashika kutu, na anayekuja baadaye kurekebisha kwa tigi hana budi kuusaga wote kwanza. Simenti ya ekzosi na bandeji za bati nazo ni za kufikia nyumbani, si za kukaa nazo.

Mchomeleaji mwenyewe asijisahau. Moshi wa kuchomelea stenlesi hubeba kromi ya namna inayosababisha saratani ya mapafu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Inatakiwa ya chujio, na mahali pawe na hewa inayopita. Agoni nayo haina harufu, na kwa uzito wake hujaa kwenye shimo la gereji na kumnyima mtu oksijeni bila kumpa onyo. Kama kazi lazima ifanyike gari likiwa limefungwa kila kitu, nyaya za betri hutolewa kwanza, na tangi la mafuta likumbukwe lilipo.

Kufunga ni kinyume cha papara. Gasketi mpya, nati mpya, bolti zote zikashikwa kwa vidole tu mpaka kila bomba likae mahali pake bila kuvutwa. Ndipo hukazwa, kuanzia kwenye injini kwenda nyuma. Bomba linalohitaji kusukumwa kwa goti ili matundu yakutane limeshaanza kutengeneza ufa mwingine. Gari huwashwa, huachwa lipate moto, huzimwa, hupoa, kisha nati hukazwa tena.

Kwa 911 yenye makasha ya joto bado kuna hatua moja. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ufa wa ndani ya kasha hauonekani kwa nje hata kwa tochi. Kipimo kidogo cha betri cha kunasa gesi hiyo huwekwa ndani ya gari, vioo vikafungwa, hita ikafunguliwa yote, injini ikaachwa iungurume nje ya gereji dakika 20 bila mtu kuketi ndani. Kipimo kikilia, makasha yashushwe tena.